Mwezi Ambao Kompyuta Haiujui

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua niliishia wapi. Jedwali nililolitengeneza kwa mikono yangu ndilo lililomtoa dada yangu Yeshi kwenye wodi ya wazazi. Mkunga wa siku nyingi, mtu aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, kaambiwa na Daktari Gashaw akakae nyumbani mpaka aitwe. Kosa lake? Kikundi chake cha wakunga kilikuwa na asilimia arobaini na tano ya vichanga wote waliokufa hospitalini kwetu mwaka uliokwisha. Aliyeiandika hiyo arobaini na tano ni mimi, Meselech, mtunza takwimu, mdogo wake wa tumbo moja.

Kama hukusoma, usijali. Yale yalikuwa rasharasha tu, mvua yenyewe ni leo.

Kwetu mtu akikaanga kahawa, harufu yenyewe ndiyo mwaliko. Huna haja ya kumwita jirani, utamwona tu anaingia na maneno yake. Wiki ile dada Yeshi alikaanga kahawa kila alasiri, akaitwanga, akaichemsha, akapanga vikombe kwenye kijimeza chake. Hakuja mtu. Nilikuwa napita kwake nikitoka kazini, nakuta vikombe vikavu vinatutazama, na ng'ambo ya ukuta majirani wale wale wanacheka kwa mwingine.

Kwenye kinu cha kusaga nafaka nako walikuwa wanasema ana jicho. Kwamba akimtazama mtoto mchanga, mtoto hafiki mbali. Watu wa mji huu bwana! Wale wanawake nusu yao walizaa wakiwa wameushika mkono wake.

Alikuja mmoja tu, Etiye Tsedale. Sote tunamwita Etiye, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, ingawa mimi na yeye hatuna undugu wowote. Naye ni mkunga, kiongozi wa kikundi kingine pale pale wodini. Alikuwa anakuja kila siku, anakunywa duru zote tatu za kahawa kama desturi yetu, haongei sana. Anamtazama Yeshi kama mtu anayesubiri maji yachemke. Mimi nilidhani ni huruma.

Siku moja alipokwisha kuondoka, dada akavunjika. Aliuweka mtungi wa kahawa chini, akasema zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa hospitalini mwaka ule walipita mikononi mwa kikundi chake, na leo hata mama zao wanazunguka njia ya mbali wasipite mlangoni kwake.

Zaidi ya nusu! Kama alizalisha zaidi ya nusu ya watoto wote, basi kubeba chini ya nusu ya vifo vyote si aibu. Ni sifa.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya mfagizi.

Sasa nisikilizeni, maana msipoelewa hapa hamtaelewa kilio changu. Kompyuta yetu ina jedwali wanaloliita pivoti. Unaliingizia maelfu ya mistari, kila mtoto na mstari wake, nalo linakupangia makundi: kikundi hiki, mwezi huu, waliozaliwa, waliokufa. Kila kundi linapata jumla yake ndogo, na chini kabisa inakaa jumla kuu. Ukitaka asilimia, linakuuliza asilimia ya nini? Ya jumla kuu, au ya jumla ndogo ya kila kundi? Mimi nilikuwa nimebonyeza jumla kuu. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye orodha. Basi. Maisha ya dada yangu yaliharibika kwa sababu ya uvivu wa kidole.

Chukua mtaa. Nyumba moja inapika injera mia, ile mikate yetu myembamba, inaunguza mbili. Nyumba ya pili inapika ishirini, inaunguza moja. Ukikusanya zilizoungua za mtaa mzima ukauliza nani kaunguza nyingi, utamsema yule wa injera mia, wakati yeye ndiye mpishi. Lazima umhesabu kila mmoja kwa kikaango chake mwenyewe.

Nikabadilisha. Nikachagua jumla ndogo.

Kikundi cha Yeshi: waliozaliwa mia tisa, waliokufa kumi na wanane. Asilimia mbili. Nilipiga kigelegele peke yangu pale ofisini, na tumbo langu la miezi saba, mpaka mlinzi akachungulia dirishani kuona kama nimeshikwa na uchungu.

Ndipo nikashusha macho kwenye mstari wa chini. Kikundi cha Etiye Tsedale kilikuwa na asilimia tano.

Nitasema bila kujipamba: sikujali. Nilijua kikundi chake ndicho kinachopokea wanawake wanaoletwa kwa machela kutoka milimani, wengine wakiwa wamehangaika na uchungu siku mbili nzima. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikachapisha jedwali, nikakimbilia kwa Daktari.

Daktari Gashaw ni kijana, katoka mji mkuu, anapenda asilimia kuliko chakula. Alilitazama jedwali, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akauliza kama maana yake tulimtoa asiyestahili. Nikasema ndiyo.

"Basi anayestahili ni huyu wa asilimia tano," akasema, akainua simu.

Angeniuliza kwa nini ni tano, ningemwambia habari za machela. Hakuuliza, nami nikafunga mdomo. Kabla ya chakula cha mchana dada Yeshi alikuwa amerudishwa kazini, na Etiye Tsedale ameandikiwa kufika mbele ya kamati.

Alikuja ofisini kwangu na ile barua mkononi. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata na majibu. Lakini aliufunga mlango taratibu, akaketi, akaniuliza tumbo linaendeleaje, na kama mtoto anacheza. Nikamwambia siku hizi amepoa kidogo. Akasema nipite wodini anipime, nisichelewe.

Halafu ndiyo akauliza alilolijia.

"Jedwali lako lina miezi mingapi, Mesi?"

"Kumi na miwili, Etiye."

"Na mwaka wetu una mingapi?"

Jibu hata mtoto wa chekechea wa kwetu analijua. Mwaka wetu una miezi kumi na mitatu. Kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na wa mwisho, Pagume, kamwezi ka siku tano kanakofunga mwaka.

"Nimekunywa kahawa ya dada yako kila siku nikisubiri aseme mwenyewe," Etiye Tsedale akaniambia. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Katafute Pagume yako."

Akaondoka. Nami nikaenda kuitafuta.

Hospitali yetu inaandika tarehe kwa kalenda yetu, kama nchi nzima. Lakini kompyuta imetengenezwa na watu wa miezi kumi na miwili. Ukiiandikia mwezi wa kumi na tatu, inakataa kwamba hiyo ni tarehe. Haipigi kelele wala haikuonyi. Inaichukua tu kama maneno, inaitupa kwenye kapu la mistari isiyo na mwezi. Tarehe za mwisho za mwezi wa pili, ishirini na tisa na thelathini, ambazo nazo huwa inazikataa kwa sababu Februari yao haifiki huko, nilikuwa nimezirekebisha kwa mkono, nikajiona fundi. Lile kapu lililobaki nililiondolea alama ya tiki mimi mwenyewe, lisionekane, kwa sababu lilikuwa linaliharibia sura jedwali langu.

Nikairudisha tiki.

Pagume ikatokea. Waliozaliwa thelathini na mmoja, wote mikononi mwa kikundi cha Yeshi, maana vikundi vingine vilikuwa likizo ya mwaka mpya. Waliokufa saba. Asilimia ya jumla ndogo ya mwezi ule: ishirini na mbili na ushei.

Nilirudia hesabu mpaka macho yakauma. Saba ni saba.

Mtaniuliza, watoto saba wafe wiki moja mji usisikie? Kwetu kichanga ambaye hajabatizwa haimbiwi kanisani wala hawekewi turubai la msiba. Baba anambeba ndani ya shuka, anakwenda kumzika, anarudi. Na hiyo ilikuwa wiki ya mwaka mpya, watoto wanagawa maua ya manjano mlango kwa mlango na kila nyumba inachinja. Nani amsikie jirani anayelia chini chini?

Nilipofika kwa dada, nyumba ilikuwa imejaa! Wote waliokuwa wanazunguka njia ya mbali walikuwa wamerudi na vicheko vyao, wanapewa kahawa na bisi, wanamwambia Yeshi walijua tangu mwanzo kwamba ni fitina. Nikamvuta jikoni, nikavuta na pazia.

"Dada, Pagume kulitokea nini?"

Alikuwa ameshika kitambaa. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Akanisimulia. Pampu ya maji ya hospitali iliharibika siku ya pili ya Pagume, na fundi alikuwa ameshakwenda kwao kwa sikukuu. Siku ya tatu ni sikukuu ya Rufaeli, malaika wa wajawazito, na mvua ikanyesha, kama inavyonyesha karibu kila mwaka siku hiyo. Mji mzima ukatoka kuoga. Watoto uchi barabarani, vikongwe wameinua nyuso juu. Yeshi akaweka pipa chini ya mfereji wa bati la wodi.

"Mvua ya Rufaeli haichemshwi, Mesi. Wala chombo chake hakisuguliwi. Inatakasa chochote inachokigusa. Bibi alitufundisha hivyo."

"Bibi hakuwa na cheti cha ukunga ukutani."

"Ninacho. Na nilifanya alivyofundisha bibi."

Wale waliozaliwa kuanzia siku hiyo aliwaosha kwa maji yale, na mama zao wakashukuru, tena wengine walimwomba. Ilipofika jioni mtoto wa kwanza akaanza kutoka mate. Akatetemeka, pumzi zikawa fupi fupi. Akadhani ni udhaifu wa kuzaliwa. Akaja wa pili. Aliendelea kuwaosha wengine, akiamini kwamba baraka ndiyo dawa. Mpaka siku ya mwisho alipoinamisha kichwa ndani ya pipa kuchota maji yaliyobaki chini, akasikia harufu. Akaliangusha, akalivingirisha nyuma ya wodi.

Nikamuuliza alimwambia nani. Akasema Mungu.

"Kesho Etiye Tsedale anafukuzwa mbele ya kamati," nikamwambia. "Kwa jedwali lisilo na Pagume."

"Tsedale ana mume mzima na shamba lake. Hatalala njaa." Akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi. "Lile kapu ulilolifungua, lifunge. Nakuomba. Wala sikuombi kwa ajili yangu."

Sentensi hiyo ya mwisho ilipita masikioni kama upepo. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilijisemea moyoni kwamba kila mwenye kosa husema hivyo. Nikamwambia ninyi mnaokunywa kahawa na watu huku mmewaficha kilichowaua watoto wao, Mungu awaone. Dada aliyenibeba mgongoni! Nilimwambia hivyo, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Kamati ilikaa asubuhi. Daktari Gashaw mezani na wajumbe wake, Etiye Tsedale kwenye kiti cha peke yake karibu na ukuta, mikono mapajani. Dada Yeshi aliketi mbele ya wote, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amealikwa kama mfano wa utumishi bora. Hakunitazama.

Jedwali langu lilikuwa limeonyeshwa ukutani, kubwa kama shuka. Mbili. Tano. Na mbili ya kikundi cha tatu.

Daktari akasoma maneno yake. Akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote kama hilo ndilo jedwali kamili, ili katibu aandike.

Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitasema ndiyo. Damu ni nzito kuliko maji, na nani angenilea kama si yeye? Nikamtazama Etiye Tsedale. Hakuniomba kwa macho wala hakunitisha. Alikuwa anasubiri tu, vile vile alivyokuwa anasubiri kwenye kahawa.

"Halijakamilika, Daktari," nikasema, nikasogea kwenye kompyuta, nikaweka tiki.

Mstari wa Pagume ukajitokeza ukutani. Thelathini na mmoja. Saba. Ishirini na mbili na ushei. Mjumbe mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Daktari akauliza ni zamu ya nani. Dada akasimama bila kusukumwa, akasema ilikuwa yake. Akaeleza pampu, akaeleza mvua, akaeleza pipa, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mwanamke asukume au apumzike. Alisema lawama zote ni zake na yuko tayari kwa polisi. Niliona angalau kweli imesimama. La kuvunda halina ubani.

Nilidhani tumemaliza.

"Mvua haiui mtoto kwa kutoka mate," Etiye Tsedale akasema kutoka ukutani. "Niliporudi likizo nililikuta lile pipa nyuma ya wodi. La bluu, la plastiki, lina mkanda wa chuma mfunikoni. Yale ni mapipa ya dawa ya wadudu, yanatoka kwenye mashamba ya maua. Yeshi, ulilitoa wapi?"

Dada akainamisha macho sakafuni.

Daktari akamrudia kwa swali lile lile. Katibu akasimamisha kalamu.

Pipa hilo nililijua. Mume wangu Gizachew anapulizia dawa kwenye shamba la maua kando ya ziwa. Mwanzoni mwa masika alileta mapipa nyumbani, akasema wanayagawa bure, ni imara, yanafaa kwa maji. Niliyaosha kwa sabuni na majivu mpaka nikaona yanang'aa. Nikamwambia moja ampelekee dada, ana shida ya maji kazini kwake.

Hapo ndipo ile sentensi ya jikoni iliponirudia. Wala sikuombi kwa ajili yangu. Alikubali kutengwa, akakubali kuitwa mwenye jicho, akawa tayari hata kumtosa rafiki yake, ili mume wangu asifungwe nami nina mimba. Na aliyeleta Pagume ukutani ni nani?

"Dada," nikasema. Sauti ilitoka ya mtoto.

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Usoni mwake hamkuwa na hasira hata chembe. Alianza na uso wangu, akashuka mpaka tumboni, akabaki hapo. Nikaona wazo linamwingia ambalo halikuwahi kumwingia kabla.

"Lilikuwa moja tu, Mesi," akasema, mbele ya wote, kama vile chumbani tupo wawili. "Gizachew alileta moja tu. Sivyo?"

Asubuhi ile, kabla ya kutoka, nilikuwa nimechota kikombe kwenye pipa la pili, lile lililo nyuma ya mlango wa jiko letu, nikanywa nimesimama.